Nani Anamsifu Nani, na kwa Maneno Mangapi?

Mhadhara kuhusu mapitio ya vitabu magazetini, uliotolewa mbele ya waandishi, walimu na wahariri. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa.



Kabla sijaenda mbali, kuna jambo ambalo mada yangu yenyewe inanilazimisha kulisema. Vitabu mlivyoviona vimepangwa kwenye meza ya kuingilia ni vya mchapishaji anayenilipa mrabaha. Wahariri wawili waliomo humu wamewahi kuchapa mapitio yangu, na mmoja wao bado hajanilipa. Mtakaponisikia nikiwatetea wachapishaji au nikiwabana wahariri, mtajua maneno yapi myapime mara mbili. Wala kulisema hilo hakukunigharimu muda.

Nimekuja kuzungumzia mambo mawili ambayo kwenye vyumba vya habari huonekana hayahusiani. La kwanza ni uhusiano wa mhakiki na kitabu anachokihakiki, au na mtu aliyekiandika. La pili ni idadi ya maneno anayopewa. Hilo la kwanza tunaliita la maadili na kulipeleka kwenye semina. La pili tunaliita la nafasi na kumwachia msanifu wa kurasa. Madhumuni yangu ni kuonyesha kwamba ni jambo moja, na kwamba gazeti linaloshughulikia upande mmoja na kuuacha mwingine linajisumbua bure.

Hoja ya kwanza: jina la mhakiki halitoshi.

Wako wanaodhani tatizo hili lilikwisha pale magazeti yalipoanza kuweka jina la mhakiki chini ya makala. Huko Uingereza na Marekani, katika karne ya 19, mapitio mengi hayakuwa na jina. Mwaka 1817 Walter Scott alishiriki kuandika mapitio marefu ya hadithi zake mwenyewe, Tales of My Landlord, katika jarida la Quarterly Review, wakati ambapo hata kwenye vitabu vyenyewe alikuwa hajaweka jina lake. Walt Whitman, aliyelelewa katika viwanda vya uchapaji na magazeti ya Brooklyn, alichapa Leaves of Grass mwaka 1855, na alipoona dunia inachelewa kumsifu akajisifu mwenyewe magazetini bila jina. Nyongeza ya fasihi ya gazeti la Times la London, iliyoanza mwaka 1902, iliendelea na mapitio yasiyo na jina hadi John Gross aliposhika uhariri wake mwaka 1974 na kuuvunja utaratibu huo.

Tusiwacheke upesi. Utaratibu wa kutotaja jina ulikuwa na hoja yake, na hoja hiyo mwanafunzi wa uzamili yeyote aliyemo humu anaielewa bila kufafanuliwa: ni nani atakayeandika kwa jina lake kwamba diwani ya profesa ni dhaifu, huku akijua profesa huyo huyo ndiye atakayekaa kwenye jopo la kumtahini? Kutotaja jina kulimlinda mnyonge. Ubaya wake ni kwamba kulimlinda pia rafiki, hasimu, na mtunzi anayejipigia ngoma mwenyewe.

Basi majina yakaja. Je, yalitibu? Chukueni kisa cha mwandishi wa riwaya Anthony Burgess, ambacho nakipenda kwa sababu kinachekesha na kinafundisha kwa pamoja. Mwaka 1963 Burgess alikuwa akiandika mapitio ya riwaya kwenye Yorkshire Post, gazeti la Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Katika vitabu alivyoletewa mlikuwa na riwaya inayoitwa Inside Mr Enderby, ya mtu aitwaye Joseph Kell. Joseph Kell alikuwa Burgess mwenyewe. Alitumia jina hilo la kubuni kwa sababu alikuwa akitoa vitabu vingi mno kwa muda mfupi mno. Akakihakiki kitabu hicho. Wala hakukijaza sifa: aliwatahadharisha wasomaji kuwa ni kitabu kichafu, chenye kelele nyingi za tumbo. Siri ilipofichuka gazeti likamfukuza. Utetezi wake ulikuwa kwamba alidhani mhariri aliyemletea kitabu anajua na anamtania, na akaukumbusha umma habari za Walter Scott. Mwandishi Gore Vidal naye baadaye alifanya mzaha kwamba angalau safari hiyo mtunzi alikuwa na hakika mhakiki amesoma kitabu.

Angalieni vizuri kosa liko wapi. Jina la mhakiki lilikuwepo, tena lile lile alilojulikana nalo. Sifa za uongo hazikuwepo. Kilichokosekana ni sentensi moja ya kumwambia msomaji kwamba anayesema na anayesemwa ni mtu mmoja. Jina linatuambia nani anazungumza, lakini halisemi amesimama wapi. Msomaji wa Leeds hakuwa na njia ya kujua, na msomaji wa Tabora au Kitale hana njia ya kujua kwamba jina analoliona chini ya mapitio ndilo lililopewa shukrani katika ukurasa wa tano wa kitabu, kwa sababu kitabu chenyewe hana. Anasoma mapitio ili aamue kama akitafute.

Hoja ya pili: ukumbi wetu ni mdogo, kwa hiyo dawa ya kukataza haitatufaa.

Magazeti makubwa ya Marekani humuuliza mhakiki kama anamfahamu mtunzi, na akisema ndiyo, kitabu hupewa mwingine. Nchi ina wahakiki wa kutosha. Wa mji huu akiwa rafiki wa mtunzi, atapatikana wa mji wa mbali. Hebu tujaribu kwetu. Mhariri wa gazeti la Kiswahili anamtaka mtu aliyemsoma mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi kuanzia Rosa Mistika ya 1971 hadi Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, anayeweza kueleza kwa nini za mwisho hazifanani na ya mwanzo, na atakayeleta makala kabla ya Ijumaa. Atapata watu wachache. Wengi wao walifundishwa na Kezilahabi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au walifundishwa na waliofundishwa naye. Tukiwaengua wote watabaki wasiomjua, na wasiomjua hawatakuwa na la kutuambia.

Katika fasihi yetu mtu mmoja huvaa kofia nyingi, na hilo si aibu. Marehemu Ken Walibora alisoma habari kwenye televisheni, akaandika magazetini, akafundisha chuo kikuu, na riwaya yake Kidagaa Kimemwozea ikatahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Washairi Mulokozi na Kahigi walipokuwa katikati ya mabishano ya ushairi huru na ushairi wa kimapokeo, mwaka 1979 walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu: nadharia na mashairi yao wenyewe ndani ya jalada moja. Ukikubali au ukikataa msimamo wao, huwezi kusema walikuficha. Walikuwa mawakili katika kesi yao wenyewe, na walikutangazia hivyo kuanzia jaladani.

Huo ndio mfano ninaoutaka. Mwacheni anayefahamiana na mtunzi ahakiki, ila aseme. Na aseme nini hasa? Kusalimiana kwenye kongamano si uhusiano. Tukianza kutamka salamu ukurasa utajaa. Kipimo changu ni hiki: kama msomaji akija kuambiwa baadaye, je, atahisi alifichwa? Kusimamia tasnifu ya mtunzi, ndiyo. Kufundisha naye idara moja, ndiyo. Kuandika dibaji ya kitabu kisha kukihakiki, ndiyo, na hili tunalifanya mno: mwalimu anaandika dibaji ya mwanafunzi wake, halafu dibaji ile ile inakatwa vipande viwili, inapachikwa kichwa kipya, inatokea gazetini kama mapitio. Kuwa umelipwa na mchapishaji kuupitia mswada, ndiyo. Kualikwa kwenye uzinduzi, ukapewa nakala ya bure, chakula, na bahasha ya kaki ya nauli kubwa kuliko nauli yenyewe, ndiyo sana.

Lakini nikae kidogo kwenye jambo moja ambalo ni letu: mwongozo. Mnajua mambo yanavyokwenda. Kitabu kinapita kwenye Taasisi ya Elimu Tanzania, au kwa wenzetu kwenye Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, kinaingia kwenye orodha ya fasihi ya sekondari. Mara miongozo inamiminika: muhtasari, dhamira, wahusika, tamathali, maswali na majibu. Kwa mwanafunzi anayeogopa mtihani, mwongozo mara nyingi hununuliwa kabla ya kitabu, na wakati mwingine badala ya kitabu. Sasa mwandishi wa mwongozo ana maslahi gani? Anauza maadamu kitabu kimo kwenye orodha. Kitabu kikiondolewa, mwongozo wake unakuwa karatasi ya kufungia karanga. Kwa maana hiyo maslahi yake hayatofautiani sana na ya mtunzi. Lakini ndiye tunayempa ukurasa atueleze kama kitabu hicho kinafaa kusomwa na vijana wetu! Tena tunamwita mtaalamu wa kitabu hicho, na ni kweli, ni mtaalamu. Simwonei. Nataka tu msomaji aambiwe kuwa mtaalamu huyu ana bidhaa sokoni.

Hoja ya tatu: sifa ni fupi, ukosoaji ni mrefu.

Tufanye hesabu pamoja, anayependa achukue kalamu. Mhariri amekupa maneno 400. Jina la kitabu, mtunzi, mchapishaji, mwaka, kurasa na bei vinakula 30. Mtunzi ni nani, amezaliwa wapi, ameandika nini kingine: 60. Muhtasari wa hadithi, na hapa hatuna huruma, 150. Kisha dhamira na wahusika kwa mtindo wa majibu ya mtihani, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuzungumza juu ya kitabu: 80. Umebakiwa na maneno 80 ya kufanya kazi uliyoitiwa, yaani kuhukumu.

Katika nafasi hiyo unaweza kuandika kwamba lugha yake ni tamu na nyepesi. Maneno sita, na hakuna atakayekudai ushahidi. Lakini tuseme umeona kinyume chake. Umeona mhusika mkuu anazungumza kama kitabu cha sarufi, mkulima wa jembe la mkono anatoa hotuba za waziri. Huwezi kulisema hilo kwa maneno sita ukaheshimika. Inakupasa unukuu mazungumzo, useme ukurasa, ueleze kwa nini mtu wa hali ile hasemi vile, pengine ulinganishe na sura nyingine ambamo mtunzi huyo huyo ameweza. Hayo ni maneno 150 kwa uchache. Huna. Basi mhakiki mwaminifu kabisa, asiye na undugu wala deni na yeyote, anafanya moja kati ya mawili: ananyamaza kuhusu udhaifu, au anautaja juu juu katika aya ya mwisho kwa ile sentensi yetu maarufu ya dosari ndogo ndogo za uchapaji. Magazeti yetu yangekuwa na sifa nyingi hata kama wahakiki wote wangekuwa mayatima wasio na rafiki.

George Orwell, ambaye kwa miaka mingi alikula kwa kuhakiki vitabu, aliliona hili mwaka 1946 katika gazeti la Tribune. Pendekezo lake lilikuwa kuviacha vitabu vingi bila kuvihakiki kabisa, na vile vichache vyenye uzito vipewe mapitio marefu ya maneno 1,000 kwa uchache. Taarifa za mstari mmoja au miwili aliziona zina manufaa. Yaliyomkera ni mapitio ya kati, ya maneno kama 600, ambayo kwake hayakuwa na thamani hata kama mhakiki ana nia njema. Sisi kwa 400 hata hizo 600 hatujazifikia. Mwaka 1959 mhakiki Elizabeth Hardwick alilalamika katika jarida la Harper's kwamba mapitio ya magazeti ya Marekani yamekuwa laini, kila kitabu kinapewa pongezi. Miaka minne baadaye, mgomo wa wapigachapa ulipofunga magazeti ya New York na wachapishaji wakakosa mahali pa kutangaza vitabu, yeye na wenzake wakaanzisha New York Review of Books, ambayo mpaka leo humpa mhakiki maelfu ya maneno. Upande mwingine wa safari hiyo mnaujua: Los Angeles Times ilifuta toleo lake la vitabu linalojitegemea mwaka 2008, Washington Post ikafuata mwaka 2009.

Nawaona wahariri wanatazamana. Wanataka kuniambia kwamba tangazo la nusu ukurasa linalipa mishahara na riwaya hailipi. Najua. Nitawarudia.

Kwanza niwaonyeshe mahali mambo haya mawili yanapokutana. Ni usiku, ukurasa umeshapangwa, tangazo la tanzia linaletwa na familia iliyolipia. Mapitio lazima yapunguzwe maneno 70. Gazeti hukatwa kutoka chini, ndivyo tulivyozoea tangu habari za mahakamani hadi za michezo. Na huko chini kuna nini? Kuna ile aya ya udhaifu wa kitabu, ambayo mhakiki mstaarabu ameiweka mwisho kwa adabu. Kuna na ile sentensi aliyojikaza kuiandika, kwamba mtunzi alikuwa mwanafunzi wake. Vyote viwili vinaondoka kwa mkato mmoja. Asubuhi msomaji anapata sifa tupu kutoka kwa mtu anayeonekana hana uhusiano wowote, ilhali hakuna aliyekusudia kumdanganya. Kwa hiyo sentensi ya uhusiano ikae juu, kando ya jina la mhakiki, kwa hati ya mlazo, na isihesabiwe katika idadi ya maneno. "Mhakiki na mtunzi wanafundisha idara moja." Hata hayo ni maneno sita.

Hoja ya nne ni pingamizi dhidi yangu mwenyewe, na nimeiweka hapa kwa sababu ndiyo inayobana zaidi.

Mwaka 2005 watafiti watatu wa Marekani, Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore, walichapa jaribio lao. Waliweka sarafu kwenye mitungi ya kioo. Watu wa kundi moja waliona mitungi kwa mbali na kwa muda mfupi, wakatakiwa kukisia kuna thamani ya fedha kiasi gani. Wa kundi la pili, washauri, waliitazama kwa karibu, wakawapa wale wa kwanza ushauri. Baadhi ya washauri walilipwa zaidi kadiri wenzao walivyokisia juu, si kadiri walivyokisia sawa. Katika sehemu ya jaribio, maslahi hayo yaliwekwa wazi kwa wakisiaji. Tungetegemea kuweka wazi kusaidie. Ikawa kinyume: washauri ambao maslahi yao yalitangazwa walitia chumvi zaidi kuliko wale ambao yao yalifichwa, kana kwamba wakishatamka wamejipatia kibali. Nao wakisiaji, japo walikuwa wameambiwa, hawakupunguza kiasi cha kutosha.

Mhakiki ndiye aliyeuona mtungi kwa karibu. Msomaji yuko mbali. Ukimwambia msomaji kwamba mhakiki ni rafiki wa mtunzi, umempa sababu ya kushuku, lakini hujampa cha kupimia. Apunguze sifa kwa nusu? Kwa robo? Hajui. Njia pekee ya kumsaidia ni kumsogeza karibu na mtungi, yaani kumpa maneno ya kitabu chenyewe, nukuu ndefu ya kutosha ili asikie sauti ya mtunzi na kuamua mwenyewe kama utamu anaoambiwa upo. Nukuu ndizo zinazotupwa kwanza nafasi inapokuwa finyu. Ndiyo maana nikasema mwanzoni kwamba kutamka uhusiano bila kupewa nafasi ni kazi bure. Gazeti linaloweka tangazo la uhusiano juu ya mapitio ya maneno 300 limejisafisha lenyewe na kumwacha msomaji pale pale alipokuwa.

Sasa nirudi kwa wahariri na matangazo yao. Siombi kurasa mpya. Naomba mkusanye mlizonazo. Gazeti linalotoa mapitio manne ya maneno 400 kwa mwezi lina maneno 1,600. Toeni mapitio mamoja ya maneno 1,200, na yale 400 yaliyobaki yawe taarifa za vitabu vilivyotoka: jina, bei, kinahusu nini, kinapatikana wapi, bila sifa wala lawama. Mchapishaji anachotaka hasa ni kitabu chake kijulikane kimetoka, na taarifa ya maneno 40 inatosha kwa hilo. Hukumu tuiwekee nafasi yake. Na kabla hamjamtumia mhakiki kitabu mtumieni maswali manne: umewahi kumfundisha mtunzi, kufundishwa au kufanya kazi naye? Jina lako limo ndani ya kitabu hiki? Una kitabu au mwongozo unaouzika kwa sababu ya kitabu hiki? Umepokea chochote zaidi ya nakala moja? Majibu yakiwa ndiyo, yaandikwe kwa sentensi moja, kazi iendelee.

Nafasi ya kujaribu haiko mbali. Tanzania ilianza kutumia mitaala mipya mwaka 2024, na Kenya inaendelea kuupandisha mtaala wa umilisi darasa kwa darasa. Orodha za vitabu vya fasihi zitabadilika, na kila orodha inapobadilika kurasa za magazeti hujaa mapitio ndani ya wiki chache, nayo miongozo haikawii. Natamani gazeti moja tu lichague kitabu kimoja katika orodha hiyo na kukipa maneno 1,200, na ndani yake nukuu tatu nzima, na juu kabisa mstari wa kusema kama mhakiki ana mwongozo sokoni au hana. Halafu tusome barua za wasomaji za wiki inayofuata. Baada ya hapo, Ndugu Mwenyekiti, naomba unialike tena tuzungumzie malipo ya mhakiki, ambayo leo nimeyapita haraka kwa kuwa nami nimepewa dakika 40, na naona mshika saa ameshainua karatasi yake mara ya pili.